Kutoka Kabiria hadi tao kwa baiskeli ya umeme: kabla hujatuma pesa, piga hesabu ya betri

Januari 2025 nilitoka ocha nikafika Kabiria saa mbili usiku na mizigo ya kawaida: ndizi, mahindi, kuku mmoja aliyefungwa miguu. Baiskeli yangu ya umeme ilikuwa pale pale nilipoiacha, kando ya kitanda, imefunikwa shuka. Nikachomeka chaja. Taa ikawaka kijani.

Kijani kwa kawaida ni habari njema, betri imejaa. Lakini hii betri niliiacha tupu tarehe 20 Desemba, siku ile nilikuwa nakimbilia basi la nyumbani. Haingeweza kujaa ndani ya sekunde mbili. Nikabonyeza skrini. Giza.

Kesho yake niliisukuma hadi kwa fundi pale Satellite.

"Uliiacha na chaji ngapi?"

"Iliisha nikifika kwa nyumba. Nikasema nitachaji nikirudi."

"Na ulirudi lini?"

"Jana."

Akanyamaza kidogo, akashika kipima umeme chake, akaniangalia. "Boss, hii haiamki. Taa ni kijani juu betri haikuli kitu."

Betri mpya aliniambia ni shilingi 30,000. Baiskeli yote nilikuwa nimeinunua 68,000, miezi 11 tu kabla ya hapo. Naandika haya kwa sababu wengi wanatuuliza kuhusu kulipia baiskeli za umeme kwa simu, na swali ni lile lile: "Nitaokoa pesa ngapi ya fare?" Jibu langu ni kwamba inategemea betri, na betri nayo inategemea vitu vidogo ambavyo hakuna mtu dukani alinionyesha. Kimoja ni urefu wa kiti.

Tuanze na hesabu

Kutoka Kabiria hadi tao ni kama kilomita 12. Nauli hubadilika na mvua na saa, lakini kwangu wastani ni shilingi 80 kwenda na 80 kurudi, yaani 160 kwa siku. Nafanya kazi siku 24 kwa mwezi. Hiyo ni 3,840.

Betri yangu ni ya volti 36 na Ah 10. Ukizidisha hizo namba mbili unapata 360, yaani Wh 360, au uniti 0.36 ya stima. Chaja hupoteza kidogo kama joto, kwa hivyo weka uniti 0.42 kuijaza kutoka tupu. Hata ukihesabu shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi zote, unalipa kama shilingi 13. Mara 24, ni 312 kwa mwezi. Ongeza 500 ya fundi, tyubu, mafuta ya cheni na pedi za breki.

Hapo ndipo wauzaji huachia hesabu. Wanakuambia umeokoa zaidi ya elfu tatu kila mwezi, na unaondoka ukitabasamu.

Sasa weka betri ndani. Betri ni kama viatu, inaisha kwa kutumiwa. Ikidumu miezi 30, ile 30,000 ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Gharama yako inakuwa 1,812 na unaokoa 2,028. Bado ni poa, ingawa kwa bei ya 68,000 utahitaji karibu miaka mitatu baiskeli ijilipe. Lakini yangu ya kwanza ilidumu miezi 11. Gawa 30,000 kwa 11 upate 2,727. Toa hiyo, toa 312, toa 500. Nilikuwa naokoa shilingi 301 kwa mwezi. Mia tatu na moja! Na jasho langu juu.

Kusema kweli kuna faida nyingine haiingii kwa hii hesabu. Jioni ya mvua, wakati matatu zimesimama kuanzia Prestige na makanga anaitisha mia, mimi napita. Muda ni pesa pia, hasa kama uko na mtoto wa kuchukua shule. Lakini muda hauwezi kulipia betri.

Mlima ambao hauuoni ukiwa kwa matatu

Watu wengi wanadhani Ngong Road ni tambarare. Mimi pia nilidhani hivyo kwa miaka, nikiwa nimekaa kwa kiti cha dirisha. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner kiko mita 1,798 juu ya bahari. Katikati ya mji ni kama 1,660. Kwa hivyo asubuhi unateremka na jioni unapanda, zaidi ya mita mia moja, na ukitoka Dagoretti Corner kuingia Naivasha Road na Kabiria bado haujamaliza kupanda.

Maana yake kwa betri ni hii: safari mbili za siku moja hazilingani hata kidogo. Asubuhi ukishuka, mota haina kazi kubwa. Jioni, kutoka mzunguko wa Haile Selassie kupanda Community, halafu City Mortuary, Prestige, Adams, Junction, kila mtaa unachukua sehemu yake. Na jioni ndiyo wakati wewe pia umechoka na unataka mota ifanye yote.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Asubuhi nilikuwa naweka msaada namba 5, ule wa juu kabisa, nafika tao kama mheshimiwa bila jasho. Ofisini hakuna mahali pa kuchaji. Jioni naanza na nusu betri, naminya aksileta mkononi bila kupiga pedali, na nikifika Adams skrini inaonyesha kisehemu kimoja kinachomeka. Kutoka Junction mara nyingi nilikuwa nasukuma. Baiskeli ya kawaida ukiisukuma ni mazoezi. Hii yangu ni kilo 25.

Baiskeli kama yangu ikiendeshwa kwa aksileta tupu hula kama Wh 20 kwa kila kilomita, na zaidi mlimani. Kilomita 24 za kwenda na kurudi ni Wh 480, na betri ina 360. Haitoshi, hata ukiomba. Ukipiga pedali na kuacha mota isaidie tu, matumizi yanashuka hadi karibu Wh 10, jumla 240. Unafika nyumbani na theluthi moja imebaki. Betri ya lithiamu inapenda sana hiyo theluthi. Kinachoiua haraka ni kumalizwa hadi sifuri kila siku, na kukaa imejaa kabisa au tupu kabisa kwa muda mrefu.

Sasa namba zangu ni hizi: asubuhi msaada namba 1, na kuna sehemu nazima kabisa nateremka bure. Jioni namba 2 hadi Community, namba 3 mlimani, narudi 2. Aksileta naitumia kwenye makutano tu, kuondoka mbele ya matatu taa ikiwa kijani. Zako zitakuwa tofauti. Mtu wa Ruaka au Rongai ana mlima wake.

Kiti kilikuwa chini

Fundi wa Satellite aliponiwekea betri mpya hakuniachilia niende. Aliniambia nikalie baiskeli nimwonyeshe vile naendesha. Nikazunguka pale mbele ya kibanda mara mbili. Akacheka.

"Mzee, kiti ni ya mtoto hii. Magoti yako yanagonga mkono. Ndio maana unakula aksileta."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeweka kiti chini ili miguu yote ikanyage lami nikisimama, kwa sababu ya uoga wa matatu. Kiti kikiwa chini, mguu haunyooki, misuli mikubwa ya paja haifanyi kazi, magoti yanauma baada ya kilomita tatu, na mkono unatafuta aksileta wenyewe. Kwa hivyo betri inaisha, unaimaliza kila siku, na inakufa mapema. Nilikuwa nalipa maelfu kwa ajili ya kiti.

Kipimo chake ni rahisi, hakihitaji fundi. Egemea ukuta, kaa juu ya kiti, weka kisigino (si vidole) juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unafaa kunyooka. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya mguu kama kawaida, goti litakunja kidogo tu, na hapo ndipo nguvu iko. Yangu ilipanda vidole vinne. Ukiogopa, panda kidole kimoja kila wiki. Kwenye nguzo ya kiti kuna alama ya mwisho, usiipite, nguzo inaweza kuvunja fremu.

Kitu cha pili kilikuwa upepo. Ubavuni mwa tairi yangu pameandikwa psi 40 hadi 65. Alipopima, ilikuwa 25. Tairi laini linashika lami kama ugali mbichi, na mota inalipia. Baiskeli nyingi za umeme zina valvu kama ya gari, kwa hivyo petroli steshini yoyote inakusaidia. Mimi hupita Jumatatu asubuhi.

Halafu kuna spoki. Mota ikiwa ndani ya gurudumu la nyuma, spoki zinabeba mzigo ambao baiskeli ya kawaida haijui, na kwa barabara yetu ya Kabiria hakuna haja ya kueleza zaidi. Wiki za kwanza zinalegea. Zibane kwa vidole mbili mbili ukisikiliza, ile inayolegea utaijua. Nati za ekseli ya nyuma pia mwambie fundi azikaze, kwa sababu zikilegea mota inaweza kujizungusha na kukata waya wake. Breki zinaisha haraka kuliko unavyodhani kwa sababu ya uzito. Jaribu pia kama mota inakata papo hapo ukigusa breki. Yangu ya kushoto ilikuwa haikati, na miezi 11 sikujua.

Kuchaji kwa plot

Kama unaishi kwa nyumba ya kupanga, ongea na caretaker kabla ya kununua. Kuna plot ambapo stima iko ndani ya kodi, na landlord akiona chaja ya baiskeli kunakuwa na mkutano. Betri nyingi zinatoka, kwa hivyo unaichaji ndani na baiskeli inabaki chini na kufuli mbili.

Kama uko na tokeni zako mwenyewe kuna jambo la kuangalia. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wa Kenya Power wako kwenye makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wale wa 30 hadi 100, na wale wanaopita 100. Kundi la chini lina bei nafuu zaidi, na kundi lako linaamuliwa na wastani wa miezi mitatu. Baiskeli ikijazwa kila siku inaongeza kama uniti 10. Kama wewe ni mtu wa uniti 25 kwa mwezi, taa na TV na redio, unaweza kusukumwa kundi la pili na uniti zako zote zikapanda bei, si zile 10 peke yake. Angalia jumbe zako za tokeni za miezi mitatu iliyopita, jumlisha uniti, utajua umesimama wapi. Utasikia pia kuhusu bei maalum ya stima ya magari ya umeme iliyoanza mwaka huo huo. Hiyo ni ya vituo vya kuchajia vyenye mita yao, haiji kwa tokeni za nyumba.

Chaja iwe ya betri yako. Betri ya volti 36 inataka chaja iliyoandikwa 42V, ya volti 48 inataka 54.6V. Usiazime ya jirani kwa sababu plagi imeingia. Ukitoka mlimani, acha betri ipoe nusu saa. Chaji ukiwa macho, na usiiweke mlangoni, kwa sababu nyumba zetu nyingi zina mlango mmoja. Jiji la New York mwaka 2023 lilipoteza watu 18 kwa mioto ya betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta, na mwaka huo huo likapiga marufuku kuuza zisizopimwa usalama. Betri "iliyofunguliwa ikaongezwa seli" na fundi wa bei rahisi, wachana nayo.

Na ukienda ocha Desemba, iache nusu, imetolewa kwa baiskeli. Ndani ya betri kuna saketi ndogo inayolinda seli, na hiyo saketi inakunywa stima kidogo kidogo mchana na usiku. Betri ikiwa tupu haina cha kumpa, seli zinashuka chini ya kiwango ambacho haziwezi kurudi. Wiki tatu zilitosha.

Upande wa pesa

Sasa sehemu yenye inaniuma zaidi. Betri ilipokufa nilikuwa bado ndani ya waranti ya mwaka mmoja. Nikaenda dukani na jumbe zangu. Nilikuwa nimelipa mara mbili: 20,000 ya kwanza, halafu 48,000. Ile 48,000 ilienda kwa Till ya duka. Ile 20,000, kijana aliyenihudumia aliniambia, "Till iko na shida leo, tuma kwa hii namba nitawawekea." Nikatuma. Jina lililotokea kabla niweke PIN lilikuwa la mtu, si la duka. Nililiona. Nilikuwa na haraka ya kuendesha baiskeli mpya.

Miezi 11 baadaye kijana hayuko, na duka linasema kwa rekodi zao mimi nina deni la 20,000, kwa hivyo waranti haijaanza. Sijui kama wangenipa betri, labda wangesema niliiharibu mwenyewe, na wangekuwa na hoja. Lakini sikupata hata nafasi ya kubishana.

Kwa hivyo: lipa kwa Till au Paybill yenye jina la biashara, na ukiona jina la mtu, simama. Till ikiwa na shida, duka litakuwepo kesho. Risiti iandikwe namba ya fremu na namba ya betri, zote mbili, na ipige picha. Ujumbe wa malipo usiufute, na hata ukiufuta, taarifa ya akaunti yako unaweza kuiomba kwa simu. Ukituma kimakosa, omba kurudishiwa dakika hiyo hiyo, kabla pesa haijatolewa.

Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka baiskeli za umeme kwenye VAT ya asilimia sifuri. Sheria hizi huguswa karibu kila Juni, kwa hivyo muulize muuzaji kama bei aliyokupa ina VAT ndani au la.

Kama unachukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, usiangalie ile 250 ya siku. Zidisha. Malipo ya kwanza 20,000, halafu 250 kwa siku 300, ni 95,000 kwa baiskeli ya 68,000. Ile 27,000 ya juu ni karibu bei ya betri nzima. Inaweza kuwa sawa kwako kama baiskeli inaleta pesa kila siku, kwa mfano unapeleka oda za chakula. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, mimi ningengoja niweke akiba. Uliza pia baiskeli ni ya nani hadi umalize, kama wanaweza kuizima wakiwa mbali ukichelewa siku mbili, na kama ukimaliza mapema unapunguziwa. Mkopo ukiwa wa simu, jina la mkopeshaji liwe kwenye orodha ya Benki Kuu ya Kenya ya waliopewa leseni, na orodha hiyo iko wazi kwa tovuti yao.

Mimi sasa nina mfuko wa akiba kwa simu nimeuita "betri". Kila siku ya kazi, ile saa nilikuwa nalipa fare ya asubuhi, natuma shilingi 50 huko na nimeufunga nisiuguse. Ni 1,200 kwa mwezi. Betri ya pili ina miezi 14, mfuko una 16,800, na jana jioni nilifika Kabiria visehemu viwili kati ya vitano vikiwa bado vinawaka.